HERUFI MOJA HAIFUNGUI MLANGO WA CHUO KIKUU

Kila mwaka mwezi wa Januari, matokeo ya mtihani wa Kidato cha Nne yakitoka, simu zinalia katika magodauni ya Athi River, bandarini Mombasa na katika viwanda vya Nairobi. Anayepiga ni mama kutoka Mutomo, au mjomba kutoka Kathonzweni, au mtoto mwenyewe aliyepanda kilimani kutafuta mtandao. Husema neno moja tu: "B!" Baba aliyesimama penye mashine hufurahi, wenzake humpa mkono, na Jumapili mbuzi huchinjwa.

Sisi hatuna neno na mbuzi huyo. Mtoto wa mfanya kazi aliyepata B katika shule ya kutwa, akienda kwa miguu asubuhi na jioni, amefanya kazi kubwa na yafaa asherehekewe. Lakini tumeona mara nyingi kwamba furaha ya Januari hugeuka majonzi siku majina ya waliopangiwa vyuo yanapotolewa.

Mwanachama mmoja wa tawi letu, mtu wa Kitui, alipatwa na jambo hilo. Mwanawe alipata B. Akaomba udaktari, na udaktari peke yake, katika kila nafasi aliyopewa kujaza. Hakupata hata mmoja. Baba akauza ng'ombe wawili na kipande cha shamba ili mtoto aende kusoma kozi nyingine kwa kujilipia. Mwaka wa pili haujafika kati, fedha zikaisha. Kijana yule sasa anapakia mchanga kwenye malori. Hakuna aliyemnyang'anya haki yake. Alichokosa ni mtu wa kukaa naye mezani kwa saa moja, na kalamu, na karatasi.

Habari hiyo ndiyo iliyotufanya tuandike. Twasema hivi: nafasi ya mtoto kuingia chuo kikuu chenye wagombea wengi yaweza kukadiriwa kabla ya kuomba, na kukadiria huko ni kazi ya hesabu, si kazi ya kubahatisha. Tena hesabu yenyewe haiishii katika ile herufi moja ambayo sisi wazazi hushangilia.

C+ NI RUHUSA YA KUSIMAMA FOLENI

Wazazi wengi wanadhani kwamba mtoto akipata C+ amekwisha ingia chuo kikuu. Sivyo. C+ ni kima cha chini cha kuomba shahada. Ni ruhusa ya kusimama kwenye foleni.

Tuitazame foleni hiyo ilivyo ndefu. Katika mtihani wa KCSE wa mwaka 2024 watahiniwa walikuwa 962,512. Waliopata C+ na zaidi walikuwa 246,391, yaani mmoja katika kila wanne. Waliopata A safi walikuwa 1,693 tu. Mwaka uliotangulia, 2023, waliopata C+ na zaidi walikuwa 201,133. Kwa hiyo katika mwaka mmoja foleni iliongezeka watu zaidi ya 45,000.

Wote hawa wakigawanywa katika vyuo vikuu vyote na kozi zote, wengi watapata pa kukaa. Lakini hawataki kukaa popote. Wengi wanatazama kozi zile zile chache: udaktari, ufamasia, uhandisi, sheria. Na wanatazama vyuo vile vile vichache, cha kwanza kikiwa Chuo Kikuu cha Nairobi. Chuo hakiwezi kuongeza viti vya udaktari kama mwenye basi aongezavyo abiria. Viti hivyo hufungwa na idadi ya walimu, maabara na vitanda vya hospitali ya kufundishia. Hapo ndipo penye mchujo.

HESABU YENYEWE

Anayepanga wanafunzi ni ile Huduma iitwayo KUCCPS, iliyoundwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012 ikachukua mahali pa bodi ya zamani iliyoitwa JAB. Siku za JAB mtoto alijaza fomu kabla ya kufanya mtihani, na kweli ilikuwa kama kutupa jiwe gizani. Siku hizi mtoto huomba akiwa ameshayaona matokeo yake. Basi hakuna sababu ya kutupa jiwe gizani mchana.

Kila gredi ina pointi zake: A ni 12, A- ni 11, B+ ni 10, B ni 9, B- ni 8, C+ ni 7, C ni 6, C- ni 5, na kuendelea kushuka mpaka E ambayo ni 1. Masomo saba huhesabiwa kupata gredi ya jumla, kwa hiyo jumla kubwa kabisa ni pointi 84. Tangu mtihani wa 2023, saba hizo ni Hisabati, lugha moja aliyofanya vizuri zaidi, na masomo mengine matano yaliyo bora. Hii ndiyo herufi tunayopigiwa simu.

Lakini kila kozi ina kundi lake la masomo manne, ambalo watoto huliita klasta. Masomo manne yakiwa na pointi 12 kila moja, jumla kubwa ni 48. Mtoto hupimwa kwa vitu viwili pamoja: jumla yake ya masomo saba, na masomo yake manne ya kozi ile anayoitaka. Namna ya kukadiria nyumbani ni hii. Chukua pointi za masomo manne, ugawe kwa 48. Chukua jumla ya masomo saba, ugawe kwa 84. Zidisha majibu hayo mawili. Tafuta kipeuo cha pili cha jawabu, kisha uzidishe kwa 48. Simu yoyote yenye kikokotoo itafanya kazi hiyo.

Tutoe mfano wa watoto wawili, tuseme mmoja wa Mwingi na mmoja wa Wote. Wote wawili wana pointi 64, na wote wawili wamepata B.

Mtoto wa Mwingi amepata Hisabati 8, Kiswahili 10, Kiingereza 9, Biolojia 10, Kemia 9, Historia 9 na Kilimo 9. Jumla ni 64. Akitaka kozi za tiba, kundi lake ni Biolojia, Kemia, Hisabati na lugha iliyo bora: 10 na 9 na 8 na 10, ambazo ni 37. Ukifanya hesabu tuliyoieleza, anapata karibu 36.8.

Mtoto wa Wote amepata Hisabati 5, Kiswahili 12, Kiingereza 10, Biolojia 7, Kemia 6, Historia 12 na Dini 12. Jumla ni 64 vile vile. Lakini kwa kozi za tiba kundi lake ni 7 na 6 na 5 na 12, ambazo ni 30. Anapata karibu 33.1.

Tazameni basi. Herufi moja, jumla moja, mbuzi wawili waliochinjwa sawa. Lakini mbele ya mlango wa tiba wameachana kwa pointi zaidi ya tatu na nusu. Katika kozi zenye wagombea wengi, sehemu ndogo ya pointi moja huwaacha nje watoto wengi.

Tena tusiwahi kumhurumia mtoto wa Wote. Apime kundi la sheria, ambalo hutazama lugha, somo moja la hisabati au sayansi, na masomo ya jamii. Kiswahili 12, Biolojia 7, Historia 12 na Dini 12 ni 43. Hesabu inampa karibu 39.7. Na kwa kuwa sheria hutaka B katika Kiingereza au Kiswahili, yeye ameivuka kwa miguu yote miwili. Mtoto huyu akilazimishwa na baba kuomba tiba, amefungwa nje. Akiruhusiwa kusimama mahali pa nguvu zake, anagombea kama mtu.

Hesabu hii ya nyumbani ni ya kukadiria tu. Hesabu ya mwisho hufanywa na Huduma yenyewe kwa alama za mtihani zilizo nyuma ya herufi, kwa hiyo pointi zitakazoandikwa zaweza kupanda au kushuka kidogo. Pointi hizo huonyeshwa mwanafunzi anapofungua ukurasa wake, na hizo ndizo za kufuatwa.

MPAKA WA MWAKA JANA SI AHADI

Huduma huonyesha pia, kwa kila kozi na kila chuo, pointi za mtu wa mwisho aliyeingia miaka iliyopita. Watu huuita mpaka. Wengi wanausoma vibaya. Wanadhani chuo kimekaa kikasema, "Mwenye 37 aingie." Chuo hakikusema hivyo. Viti vilijazwa kuanzia juu kwenda chini, na kiti cha mwisho kilipojaa, mtu aliyekikalia alikuwa na pointi hizo. Mwaka ujao wakija wengi wenye nguvu, mpaka utapanda. Wakikimbilia kozi nyingine, utashuka.

Basi usitazame mwaka mmoja. Tazama miaka miwili au mitatu. Mtoto wetu mwenye 36.8 akiona kozi ambayo mpaka wake umekuwa juu ya 41 kila mwaka, asijidanganye. Hapo hana nafasi ya maana. Akiona ambayo imekuwa ikicheza kati ya 36 na 38, hapo pana ushindani wa kweli, aweza kupata na aweza kukosa. Akiona ambayo imekuwa 33 au 34, hapo ana uhakika mkubwa, ingawa si kiapo.

Kwa hiyo machaguo yapangwe kama mkulima wa Makueni apangavyo shamba lake. Hapandi mahindi peke yake akaingoja mvua ya Novemba kwa maombi. Hupanda mahindi kidogo, na ndengu, na mtama, na mbaazi, ili mvua ikikatika asikose vyote. Mtoto naye aweke chaguo moja la juu analolitamani. Aweke mawili anayolingana nayo. Na aweke moja la chini ambalo akipewa atalisoma kwa moyo. Hilo la mwisho ndilo wengi hulijaza kwa dharau, halafu ndilo wanalopewa, halafu wanalia. Usijaze usichoweza kusoma.

Na mtu asitazame jina la mji peke yake. Kozi moja yaweza kuwa na mpaka wa juu Nairobi na mpaka wa chini kwingineko. Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kiko Kwa Vonza, Kitui, nyumbani kabisa, na kilipata hati yake mwaka 2013. Wako watoto wa Kitui wanaopita langoni pake wakienda kukosa nafasi Nairobi. Kabla ya kuomba kozi ya kazi maalumu popote pale, uliza kwanza kama bodi ya kazi hiyo imeikubali kozi ya chuo kile. Hilo ni la maana kuliko ukubwa wa lango.

WANAOSEMA TUNAWATISHA WATOTO

Ndugu wengine wametuambia katika mkutano, "Ninyi mnawafundisha watoto wa maskini kuogopa vyuo vikubwa. Mnataka waridhike na kidogo." Neno hili ni zito na lastahili jibu.

Hatusemi mtoto wa mpakia mizigo asiombe udaktari Nairobi. Akiwa na pointi, aombe, na asiombe kwa unyonge. Tumewaona watoto wenye pointi za kutosha wakiogopa jina la chuo, wakajaza chini kabisa, na nafasi yao ikachukuliwa na mwenye pointi pungufu aliyethubutu. Kosa hilo ni sawa na lile la kwanza. Wa kwanza amejipima kwa tamaa, wa pili kwa hofu, na hakuna kati yao aliyejipima kwa hesabu.

Watoto wa wenye mali hawafanyi hivyo. Nyumbani kwao yuko baba aliyepita chuo kikuu, au shangazi mhadhiri, au mtu aliyelipwa kuwashauri. Kwetu baba yuko zamu ya usiku, mama yuko shambani Kibwezi, na mshauri ni kijana wa saiba anayetaka kumaliza upesi ahudumie mwingine. Hapo ndipo mtoto wetu huachwa nyuma, hata akiwa na pointi sawa na mwenzake. Pengo hilo laweza kuzibwa na chama.

Kazi hii si ngeni kwa vyama vya wafanya kazi Kenya. Mwezi wa Septemba 1959 wanafunzi 81 walipanda ndege kwenda kusoma Marekani. Aliyesimamia mpango ule alikuwa Tom Mboya, Katibu Mkuu wa Shirikisho la Wafanya Kazi la Kenya. Mboya mwenyewe hakuwa na shahada. Alikuwa amesoma mwaka mmoja tu Ruskin College, Oxford, chuo kilichoanzishwa mwaka 1899 kwa ajili ya wafanya kazi. Wakati huo milango ya elimu ya juu kwa Mwafrika wa Kenya ilikuwa myembamba sana: Makerere kule Kampala, na Royal Technical College ya Nairobi iliyofunguliwa mwaka 1956. Wale vijana hawakwenda kwa kubahatisha. Barua ziliandikwa kwa vyuo, vyeti vikatumwa, majibu yakangojwa, na nyumbani watu wakachanga. Kiongozi wa wafanya kazi aliona kwamba mlango wa chuo ni jambo la chama. Sisi tuna milango mingi zaidi kuliko wao. Tutakuwa watu gani tukishindwa hata kusoma kibao kilicho juu ya mlango?

BARUA SI FEDHA

Tusisahau jambo la pili. Kupata nafasi si kupata karo. Tangu mwaka 2023 serikali iliyatenga mambo hayo mawili. KUCCPS hutoa nafasi, lakini ufadhili na mkopo wa HELB huombwa mbali, na kila nyumba hupimwa kwa uwezo wake. Mpango ule ulipelekwa mahakamani. Desemba 2024 Mahakama Kuu ikatangaza kwamba haukubaliani na Katiba, na mambo yakaendelea mbele katika Mahakama ya Rufani. Kwa hiyo mzazi aulize sharti la mwaka wake, asifuate habari za mtoto wa jirani wa miaka mitatu iliyopita.

Kukadiria nafasi bila kukadiria karo ni kupima mguu mmoja na kununua viatu viwili. Kabla ya kujaza chaguo lolote, mzazi aandike karo ya kozi ile kwa mwaka, chumba, chakula na nauli, kisha aandike mshahara wake chini yake. Basari za kaunti na za CDF ziombwe mapema, na karatasi za chifu, vitambulisho na vyeti viwe tayari. Wengi hukosa kwa sababu ya karatasi.

Na mtu akikuambia kwamba anajua mtu ndani, na kwa shilingi elfu kadhaa atapandisha jina la mtoto, mfukuze. Pointi haziuzwi. Kinachouzwa ni uongo, na mnunuzi siku zote ni mfanya kazi.

TUFANYE NINI

Wakamba wana usemi kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Na tangu zamani wana mwethya, ambapo watu hukusanyika kulima shamba la mmoja leo na la mwingine kesho. Twataka mwethya wa karatasi.

Kwanza, kila tawi lichague wanachama wawili au watatu wanaojua hesabu na intaneti, wakae mezani Jumamosi mbili baada ya matokeo kutoka. Mwanachama aje na mtoto wake, au na matokeo yake tu ikiwa mtoto yuko nyumbani. Pointi zipigwe, mipaka isomwe, machaguo yapangwe. Mtoto ndiye wa kusema anataka nini. Sisi tumweleze bei yake kwa pointi na kwa shilingi.

Pili, viongozi wawaombe waajiri wampe mzazi ruhusa ya siku moja kwa kazi hiyo. Si fadhili kubwa.

Tatu, tusingoje Kidato cha Nne. Mlango wa uhandisi hufungwa siku mtoto anapoacha Fizikia, na baba hana habari. Watoto wa mwisho wa mfumo wa 8-4-4 walifanya KCPE mwaka 2023 na wamepangiwa kufanya KCSE mwaka 2027. Wanaowafuata, wa mtaala mpya, huchagua mkondo wanapoingia Gredi ya 10: sayansi na ufundi, masomo ya jamii, au sanaa na michezo. Uchaguzi huo hufanywa na mtoto wa miaka kama kumi na mitano. Asifanye peke yake.

Nne, tuseme wazi penye uonevu. Mtoto wa Mwingi na mtoto wa Wote hawakupungukiwa na akili katika Kemia na Hisabati. Shule nyingi za kutwa katika nchi kavu yetu zina uhaba wa walimu wa sayansi na maabara. Hesabu tuliyoieleza ni ya haki kwa mtoto aliyefundishwa. Kwa yule ambaye hakufundishwa, inapima tu umaskini wa shule yake. Kwa hiyo tunapomsaidia mtoto kuusoma mpaka, tusiache kudai mwalimu. Wawakilishi wa Kitui na Makueni wakija kuomba kura, tuwaulize swali moja: walimu wangapi wa sayansi, shule gani, lini?

Ndugu wanachama, simu italia tena Januari. Ukisikia "B", furahi, na umchinje mbuzi wako. Lakini kabla nyama haijaiva, muulize mtoto swali la pili: "Masomo manne yanasemaje?" Akikujibu, chukueni kalamu, mje mezani.

Umoja ni nguvu.